Mwaka Tulipoitwa Mabingwa

Khasandi alinipigia simu asubuhi nikiwa jikoni. Akataja jina moja tu, "Mwanaisha." Nilingoja amalizie. Nilidhani atasema Mwanaisha amepandishwa cheo, au amegombana tena na mwalimu mkuu wake, maana hizo ndizo habari tulizozoea kupeana juu yake. "Walimzika jana jioni," akasema mwishowe. "Unajua Waislamu hawangojangi." Nikauliza ni nani aliyezikwa. Nilikuwa nimesikia vizuri, lakini niliuliza, na Khasandi akaniambia tena bila kuudhika. Sikulia. Niliketi kwenye kigoda nikayatazama maziwa yakifurika na kuumwagikia moto. Mtu wa rika lako hafi. Ndivyo akili inavyokuambia hadi siku inapokuumbua.

Kesho yake nilikuwa Mumias, kwenye sebule ya mama yake, Bi Zuhura. Viti vyote vilikuwa vimetolewa nje na mikeka kutandikwa ukuta kwa ukuta. Chumba kilinukia udi na chai ya tangawizi. Wanawake waliongea kwa sauti za chini. Mmoja alieleza kwamba ni figo, mwingine akasema mambo yalikwenda haraka hata ndugu wa Matungu hawakuwahi kufika hospitalini. Bi Zuhura alikuwa amekaa karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, akaushika mkono wangu kabla hajajua mimi ni nani. Alipoambiwa, "Huyu ni Mmbone, yule waliyesafiri naye ng'ambo," aliukaza kidogo, asiuachilie. Nikakaa hivyo, mkono wangu ukiwa wake, na miguu ikinifa ganzi. Wengine mle ndani walimjua Mwanaisha kwa miaka yake yote. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja wa kumkumbuka, mwaka wetu wa kidato cha tatu.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, ya wasichana, si mbali na Khayega. Mwalimu Lutomia alitufundisha jiografia. Alikuwa mrefu kuliko suruali zake zote, na mabega ya koti lake hayakuwahi kukosa vumbi la chaki. Siku moja aliingia darasani na karatasi aliyotumiwa na mtu aliyesoma naye, akatueleza kwamba kuna mashindano ya wanafunzi wa nchi nyingi, na si ya hesabu wala si ya mbio. Mnapewa hadithi fupi ya mji fulani wa miaka ijayo, mji wenye taabu. Wanne mnafungiwa chumbani bila mwalimu. Mnatafuta matatizo yote ya mji ule, mnachagua moja ambalo likitatuliwa mengine yatalegea, mnapendekeza dawa yake, kisha mnaiigiza mbele ya watu kwa vifaa vya karatasi na kamba. Tulimtazama kama mtu aliyekunywa. Khasandi aliuliza kama kuna jibu sahihi. Mwalimu akasema hakuna. "Sasa watajuaje nani ameshinda?" akauliza sauti nyingine kutoka nyuma, kwa ukali, na huyo ndiye alikuwa Mwanaisha.

Tulichaguliwa wanne: mimi niwe nahodha, Khasandi kwa kuigiza, Nafula kwa mwandiko wake wa haraka, na Mwanaisha kwa sababu Mwalimu alisema timu inahitaji mtu mmoja asiyekubali. Kila Jumamosi tulifanya mazoezi kwenye chumba cha mapishi, tukikaa juu ya meza za unga, na harufu ya sukari iliyoungua ikitoka kwenye sufuria za somo la Ijumaa. Tuliletewa mahindi na maharagwe kutoka bwaloni. Nilikuwa na mfuko wa njugu kutoka nyumbani, na Mwanaisha alizila zote bila kuomba, huku akitukata maneno. "Hilo si kweli," ndiyo ilikuwa sentensi yake. Ukisema maji yatakwisha duniani, "Hilo si kweli." Ukisema wanasayansi wamethibitisha, "Wapi?" Nafula alimchukia kwa muda mrefu. Mimi nilimchukia Jumamosi tu. Kati ya Jumatatu na Ijumaa nilikuwa namngojea.

Tulishinda Nairobi, jambo ambalo hakuna mtu shuleni aliyekuwa amejiandaa nalo. Siku tuliyorudi, mimi na Mwanaisha tulitumwa kupeleka madaftari kwenye chumba cha walimu, tukamsikia naibu wa mwalimu mkuu akisema ndani, "Hao wataendanga tu kuona ndege, halafu warudi." Mwalimu Lutomia alijibu bila kupandisha sauti, "Basi waende wakaone ndege." Tulisimama mlangoni na madaftari yetu, hatujui tuingie au turudi. Mwanaisha alinong'ona, "Lakini hilo ni kweli, sijawahi kuona ndege kwa karibu."

Kuhusu safari yenyewe nimesahau mengi. Nakumbuka chuo kikuu kikubwa cha Marekani chenye nyasi zilizokatwa kama nywele za askari, na chumba chetu chenye zulia hadi chooni. Nafula alilala na sweta na soksi. Bwaloni kulikuwa na vyakula visivyohesabika na Mwanaisha aliulizia kila nyama, kisha akaishia kula mayai na wali siku zote tulizokaa. Hadithi tuliyopewa ilikuwa ya mji ambao wazee wote wanaishi peke yao, kila mmoja na mashine ya kumwosha, kumlisha na kumsalimu asubuhi. Tuliisoma mara mbili, kimya. Nafula ndiye aliyeuliza kwanza, "Na watoto wao wako wapi?" Karatasi haikusema. Tuligeuza nyuma, tukatafuta, haikusema. Nadhani hata leo sijawahi kushtushwa na maandishi kama siku ile. Si kwa sababu ya mashine, bali kwa sababu aliyeandika hakuona kwamba kuna swali limebaki. Tulishikilia hapo hapo. Tukasema tatizo ni kwamba hakuna anayeuliza walikokwenda watoto. Katika mchezo wetu Khasandi alikuwa bibi kizee na Mwanaisha akawa mashine, akizungumza kwa sauti ya debe, "Habari ya asubuhi, Mteja," na ukumbi mzima ukacheka, kisha ukaacha kucheka mahali tulipotaka uache.

Usiku wa matokeo walianza kusoma washindi kutoka chini kwenda juu. Wa tatu, wakapanda jukwaani. Wa pili, wakapanda. Kisha yule bwana akatamka jina la nchi yetu na jina la shule yetu, akilivunjavunja, na sisi tukaendelea kukaa. Nilimwona Mwalimu Lutomia mstari wa mbele akigeuka kututazama, mdomo wazi, kama anayetuuliza tumefanya nini. Mtu aliyekuwa nyuma alimsukuma Nafula begani, "Ni nyinyi." Sikumbuki ngazi. Nakumbuka uzito wa kombe, la fedha, lenye masikio mawili, na ubaridi wake kwenye viganja. Mwalimu alipiga simu nyumbani pale pale ukumbini, akaiinua hewani, na kutoka kwenye kile kisimu kidogo, kuvuka bahari yote ile, tukasikia vigelegele vya mwalimu mkuu.

Asubuhi tulibeba kombe hadi bwaloni, tukaliweka katikati ya meza karibu na jagi la maziwa. Khasandi alikuwa akilijaza vipakiti vya sukari vya bure, apeleke kwao. Tulikuwa tunacheka. Mama mmoja mwenye beji alikuja na mzee wa tai, akaomba kukaa nasi. Akamwomba na Mwalimu akae. Alikuwa mwanamke mpole. Hilo ndilo lililofanya nisielewe upesi. Alisema kumekuwa na kosa. Karatasi ya kundi jingine, la umri mwingine, iliingia kati ya karatasi za kundi letu, na msomaji akasoma jina letu kwenye nafasi isiyo yetu. Alisema anasikitika kuliko anavyoweza kueleza. Macho yake yalikuwa mekundu na nilimwonea huruma, nikifikiri amefiwa, hadi Mwalimu Lutomia aliposema polepole, "Kwa hiyo hatukushinda." Hapo sauti zote za bwalo ziliondoka masikioni mwangu. Naona vijiko vikienda, midomo ikienda, sisikii kitu. Meza tatu mbele yetu walikaa wanafunzi waliokuwa wenye kombe hasa, walikuwa wameshaambiwa, na hawakuwa wanakula. Walitutazama kama watu walioiba.

Kulikuwa na aibu moja zaidi. Kabla ya kulirudisha ilibidi tutoe vipakiti vya sukari. Khasandi hakuweza, basi Mwanaisha alivitoa, kimoja kimoja, akavipanga mezani. Kisha akamuuliza yule mama, "Sisi tulikuwa wa ngapi?" Mama alitafuta kwenye karatasi zake. "Wa kumi na moja." Mwanaisha akasema asante, akalisukuma kombe upande wa pili wa meza.

Jioni ile tulimsikia Mwalimu kwenye ujia, akiongea na mwalimu mkuu kwa simu. Ukuta ulikuwa mwembamba. "Ndiyo, madam. Hapana, madam, kuna jambo nilitaka... Ndiyo, mahema. Ndiyo. Ng'ombe? Kutoka Malinya? Ndiyo, madam." Aliingia chumbani kwetu bila kubisha, akaketi kwenye zulia na miguu yake mirefu ikakosa pa kwenda. "Nimeshindwa kusema," akatuambia. Alikuwa mtu mzima, na sisi tulikuwa watoto, na hakuna aliyejua la kumfanyia. Nafula alimpa maji.

Ndani ya basi kutoka Nairobi alituomba neno moja. "Leo wacheni watu wale chakula chao. Wamechinja. Jumatatu nitasimama mbele ya shule niseme mwenyewe." Sisi watatu tuliitikia. Mwanaisha alikuwa akitazama nje, mashamba ya chai yanapita. "Na wakituuliza?" akasema. Mwalimu akajibu kwamba hakuna atakayeuliza, kwenye sherehe watu hawaulizi, wanaongea. Na kweli, tulipofika Khayega hakuna aliyeuliza. Waendesha boda boda walikuwa wamejipanga barabarani na matawi kwenye usukani. Ngoma za isukuti zililia hadi kifua chako nacho kikawa ngoma. Mama yangu, ambaye kanisani hupiga makofi kwa vidole viwili, nilimwona amejifunga leso kiunoni anatikisa mabega mbele ya wanaume. Bibi wasiotujua walitushika nyuso. Nilikuwa nimeganda. Nilikuwa nikitembea na kusalimia, lakini ndani nilikuwa bado kwenye ile meza, nisisikie kitu.

Mahemani tuliketishwa mbele. Tulipewa obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku, na babu yangu, mzee asiyecheza na mila, akatoa firigisi ya kuku, sehemu ambayo kwetu mwanamke haigusi, akaiweka kwenye sahani yangu mbele ya watu wote. Watu wakapiga kelele. Nilikitazama kile kipande cha nyama, nisikiguse. Kisha tukaitwa mmoja mmoja kusalimia. Khasandi akasalimia. Nafula akasalimia. Nami nikasema asanteni kwa kutupokea, nikaketi. Mwanaisha alisimama wa mwisho, akakishusha kipaza sauti maana alikuwa mfupi.

"Assalamu alaykum. Bwana asifiwe," akasema, na watu wakaitikia vyote viwili. "Tunashukuru kwa chakula. Kombe tulipewa, halafu likarudishwa, kwa sababu halikuwa letu. Walisoma vibaya. Sisi tulikuwa wa kumi na moja."

Ngoma zilikuwa zimenyamaza tayari kwa ajili ya hotuba, kwa hiyo kila mtu alisikia. Mwalimu Lutomia aliinamisha kichwa. Mwalimu mkuu hakumtazama Mwanaisha. Alinitazama mimi, nahodha. "Mmbone, huyu anasema nini?"

"Anasema kweli, madam."

Nilingoja mbingu zianguke. Kilichotokea badala yake ndicho kilichonibadilisha, na sijapata jina lake hadi leo. Mheshimiwa mmoja, mgeni wa heshima, alinyanyuka akicheka, akakichukua kipaza sauti, akaweka mkono kichwani mwa Mwanaisha. "Mnaona?" akasema. "Mnaona unyenyekevu wa binti zetu? Bingwa wa dunia, na bado anajishusha." Watu wakalipuka. Vigelegele, isukuti, mabega. Mwanaisha alikuwa akisema kitu, nikiona midomo yake, "Si hivyo, si hivyo," lakini kipaza sauti hakikuwa chake tena. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ukweli ukisemwa, unabaki umesemwa. Nilikaa pale na firigisi yangu, nimepigwa na bumbuwazi, nikiuona unazama bila kuacha hata povu.

Nyumbani nilimweleza baba upya, neno kwa neno. "Hata mimi nilisikia," akasema. "Lakini nani anafufuanga ng'ombe akishachinjwa?" Jumatatu Mwalimu Lutomia alitimiza ahadi. Alisimama mbele ya shule nzima, akasema kosa lilivyotokea, na shule nzima ikampigia makofi, kwa sababu baada ya hotuba ya mwalimu watu hupiga makofi. Mwezi ule ule kukawekwa kibao langoni: nyumbani kwa mabingwa wa dunia. Wageni walipokuja wakaanza kuulizia kombe. Muhula wa tatu tuliitwa wote wanne ofisini kwa mwalimu mkuu, na ndani ya kabati la kioo palikuwa na kombe. Lilikuwa dogo kuliko lile, la rangi ya dhahabu, la dukani mjini Kakamega. Mpiga picha alikuwa akingoja na kamera shingoni.

"Mlishike pamoja," akasema mwalimu mkuu. Alisema kwa upole, kama mtu anayekupa zawadi. Nafikiri alikuwa ameshaamini.

Mwanaisha alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo. Hakuwa na hasira. "Hili ni la nini, madam?" akauliza. Madam akamwambia ashike. Akauliza tena, vilevile, na safari ile nami nikajikuta nimefumbata mikono yangu nyuma. Mpiga picha alitazama viatu vyake. Bila wanne picha haikuwa na maana, basi haikupigwa. Mimi nilipewa adhabu ya kufyeka nyasi. Mwanaisha alirudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu, na Mwalimu Lutomia ndiye aliyempeleka Mumias kwa pikipiki yake, sanduku limefungwa nyuma kwa mpira. Mwaka uliofuata Mwalimu aliomba uhamisho. Sisi tulimaliza shule, tukatawanyika. Mwanaisha alikuja kufundisha hesabu Matungu, akaolewa, akazaa, akagombana na walimu wakuu watatu.

Haya yote yalinipitia nikiwa kwenye mkeka, mkono wangu bado ndani ya mkono wa Bi Zuhura. Nje, chini ya turubai, walimu wenzake walikuwa wamefika kutoa pole, na sauti ya mwanamume ilipenya pazia la dirisha. Alisema mema mengi, na yalikuwa ya kweli. Kisha akasema, "Wengine wetu tulikuwa wadogo, lakini tunakumbuka huyu dada aliporudi na kombe, bingwa wa dunia." Wanaume wakaguna kwa kukubali. Nilihisi damu ikinipanda usoni, ule mshtuko wa zamani, mzima kama ulivyokuwa. Kabla sijajizuia midomo yangu ilikuwa imeshasema, kwa sauti ya chini, "Wa kumi na moja."

Bi Zuhura aligeuka. "Umesema nini?"

"Samahani, mama."

"Hapana. Rudia."

"Nimesema tulikuwa wa kumi na moja. Hatukuwa wa kwanza. Walikosea kusoma."

Alinisogelea. "Siku ile sikuja kwenye mahema," akasema. "Nilibaki hapa nikimpikia pilau. Alipofika aliniambia hawakushinda, nikamwambia nyamaza, usikatae baraka ya Mungu. Hakunitajia tena." Akaukaza tena mkono wangu. "Siku moja kabla hajatutoka, hospitalini, nesi mmoja wa kule kwenu alimtambua. Akamwambia, bingwa, amka ule. Yeye alikuwa hajasema na mtu tangu asubuhi. Akafungua macho, akasema, wa kumi na moja. Hilo tu. Mimi nikamwambia nesi, mwanangu ameshapotea, anahesabu ovyo. Nesi akabisha, mimi nikalia. Hakusema tena kitu kingine, Mmbone. Nikajua aliondoka hanijui, hajijui."

Nilikuwa nikimwona Mwanaisha amelala, anafumbua macho.

"Kwa hiyo alikuwa na akili zake," akasema Bi Zuhura.

"Alikuwa nazo, mama," nikamwambia. "Alikuwa nazo zote."